Namba mbovu haikatai: nilivyopotea mpaka nikaelewa latitudo na longitudo

Nianze kwa kukiri. Shuleni jiografia nilikuwa napasua, latitudo na longitudo nilizichora kwa rula na penseli iliyochongwa vizuri, ikweta katikati, tropiki ya Kansa juu, ya Kaprikoni chini, mwalimu akatia tiki nikafurahi. Miaka ikapita, siku moja nimekaa kwenye gari nimeshika karatasi yenye namba mbili na simu mkononi, natakiwa nitafute kisima, na najiuliza hii ya kwanza ndo ipi na hii ya pili ndo ipi. Yani kuchora nilijua, kutafutia mahali sikujua, na hivo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya muda tu, kuzunguka kukagua visima kimoja kimoja, kipi kinatoa maji na kipi kimekufa. Orodha ilikuwa na visima mia mbili na kitu na majina hayakusaidia chochote maana vinane viliitwa Kisima cha Shule na vingine vingi viliandikwa Kisima Kipya, sijui kipya tangu lini. Kwahiyo tegemeo letu lilikuwa koordineti, yani zile namba mbili, latitudo na longitudo, zinazotaja mahali. Dereva alikuwa mzee mmoja mtaratibu, haongei sana, mimi namwita mzee yeye ananiita mwanangu, na sijui kwanini aliniamini siku ile ya kwanza.

Nikaandika namba kwenye simu, njia ikatokea, tukaendesha, barabara ikawa njia, njia ikawa alama za mbuzi, simu ikasema tumefika. Tumefika wapi sasa? Nyasi tu na mti mmoja. Mzee akazima gari, akashuka, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akarudi dirishani kwangu akaniambia taratibu, "Mwanangu, hapa hata chura hakai."

Kosa lilikuwa langu na nilichukua siku mbili kulielewa. Ngoja nieleze kwa kutumia kilele cha Kilimanjaro maana hicho kila mtu anakijua na visima vya watu siwezi kuvianika. Uhuru iko kwenye digrii 3 dakika 4 sekunde 33 kusini, na digrii 37 dakika 21 sekunde 12 mashariki. Kwenye orodha yangu namba ziliandikwa kwa mtindo huo, mimi nikaona aah hii si ni 3.0433 na 37.2112 tu, nikaweka nukta nikatafuta. Kumbe zile ni dakika na sekunde kama za saa, digrii moja ina dakika 60 na dakika moja ina sekunde 60, sio mia. Unatakiwa uchukue 4 ugawe kwa 60, alafu 33 ugawe kwa 3600, ujumlishe zote na ile 3, unapata 3.0758. Upande wa pili 21 kwa 60 na 12 kwa 3600, unapata 37.3533. Sasa pima tofauti ya namba zangu na namba sahihi, unaangukia kama kilomita 16 pembeni. Yani umeambiwa nenda kileleni, we umetua huko upande wa Shira unashangaa mbona hakuna kibao cha Uhuru.

Na hapa ndo kuna jambo ambalo liliniuma kuliko kupotea kwenyewe. Ukikosea jina la mtaa, simu inakwambia haijapata kitu. Ukikosea namba ya simu ya mtu, inaita kwa mtu mwingine anakukaripia. Koordineti ukikosea hakuna anayekukaripia, karibu kila jozi ya namba ni mahali fulani kweli kwenye hii dunia, ramani inaweka pini yake nyekundu pale kwa kujiamini kabisa na njia ya kufika inakuchorea. Namba mbovu haikatai. Toka siku ile nikaacha kuiuliza ramani kama namba ni sahihi, naikagua mwenyewe kabla sijaiandika.

Jioni ya siku ya pili nikapata wazo ambalo lingekuja mapema lingetuokoa mafuta, nikaichukua orodha nzima nikaimwaga kwenye ramani ya kompyuta vitone vyote kwa pamoja. Aisee. Vingi vilikaa panapotakiwa, kundi moja zuri, lakini vingine vilikuwa vimetawanyika duniani kama mtu kapiga chafya na rangi mdomoni. Kuna vilivyokuwa Hispania. Kuna vilivyokuwa mamia ya kilomita kaskazini ya eneo letu. Na kulikuwa na tisa vimekaa baharini, vyote juu ya kitone kimoja. Nilicheka mwenyewe alafu nikaacha kucheka, nikakumbuka ile ndo kazi ya kesho.

Vya Hispania ndo vilinifundisha habari ya mpangilio. Kwa kawaida unaanza latitudo unafuata longitudo, na ukiandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google Maps inasoma hivohivo, ya kwanza kaskazini au kusini, ya pili mashariki au magharibi. Sasa mtu akizigeuza, ile Kilimanjaro yetu ya -3.0758, 37.3533 ikawa 37.3533, -3.0758, unatua Hispania kusini, mkoa wa Granada, karibu na mji wa Guadix. Ndo hapo visima vyetu vilipokuwa. Na aliyezigeuza wala hakuwa mzembe, jamaa mmoja wa kompyuta alinielewesha kwamba mafaili ya ramani ya aina ya GeoJSON na KML yanataka longitudo ianze, sababu kwenye hesabu za grafu unataja x kabla ya y na longitudo ndo x. Kwahiyo mtu anayetafuta kwa mkono anaanza na hii, programu inaanza na ile, na namba zikisafiri kutoka huku kwenda kule zinapinduka kimyakimya.

Kuna watu wana bahati kwenye hili. Latitudo haivuki 90, ncha ya kaskazini ni 90 na ya kusini ni 90 basi, longitudo ndo inafika 180. Mtu wa Ufilipino ambaye longitudo zake ziko 120 hivi akigeuza, programu inamkatalia, hakuna latitudo 120. Sisi wa longitudo za thelathini na kitu hatuna huo ulinzi, yetu ikigeuzwa inakubalika vizuri tu.

Vile vya kaskazini vilikuwa vimepoteza alama ya kutoa. Kusini ya ikweta latitudo ni hasi, magharibi ya Greenwich, kule London longitudo inapoanzia sifuri, longitudo ni hasi, kaskazini na mashariki hazina alama. Ukiisahau ile -3 ukaandika 3, Kilimanjaro inahama inaenda jangwa la Chalbi mashariki ya ziwa Turkana, karibu kilomita 680 kutoka mlima ulipo. Kistari kimoja tu. Na hata ukikumbuka kukiandika kinaweza kukusaliti, maana ukikopi namba kutoka kwenye faili iliyopambwapambwa kile kistari kifupi unakuta kimegeuka kirefu, macho hayaoni tofauti lakini kisanduku cha kutafutia kinaweza kukiona ni maandishi tu. Saivi nikikopi namba nakifuta kistari nakiandika upya kwa mkono, nimezoea hata sifikirii.

Na wale tisa wa baharini? Hao walikuwa sifuri, sifuri. Aliyejaza fomu hakuwa na koordineti, programu ikaweka 0 na 0, na sifuri sifuri ni mahali kweli, ni pale ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich, Ghuba ya Guinea, magharibi ya Afrika. Watu wa ramani wanapaita Null Island kwa utani, hakuna kisiwa, pamewahi kuwa na boya la kupimia hali ya hewa tu. Takwimu za dunia nzima zilizokosa anwani zinazama hapo. Siku hizi orodha yoyote nikipewa, kitu cha kwanza nachungulia Ghuba ya Guinea kuna nani.

Sasa nirudi kwenye kitu kilichonichanganya toka shule. Ule ujanja wa kukumbuka kwamba LAtitudo inaLAla mnaujua, mistari ya latitudo imelala, ya longitudo imesimama. Ni kweli na ni mzuri kwenye mtihani. Shida yake mimi uliniharibu, nikawa nafikiri kama mstari umelala basi namba yake inahesabu kwenda kushoto na kulia, kwahiyo nikitaka kusogeza pini mashariki nabadilisha latitudo, pini inapanda juu, nashangaa. Mpaka siku nilipoona ngazi imeegemezwa ukutani. Vipandio vyake vyote vimelala, lakini ukihesabu kipandio cha kwanza, cha pili, cha tatu, unaenda wapi? Unapanda. Ndo latitudo hiyo, mistari imelala ila namba inapanda kuelekea ncha. Toka hapo sijachanganya tena.

Ikweta nayo ukiiangalia vizuri haikuchaguliwa na mtu, dunia inavyozunguka ndo imejichagulia katikati yake. Sifuri ya longitudo ni ya kupigiwa kura. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, wengi wakaikubali Greenwich, Ufaransa na Brazil hawakupiga upande wowote, San Domingo (leo Jamhuri ya Dominika) ikakataa. Na kuna kichekesho, mtu akienda Greenwich leo akasimama kwenye ule mstari wanaopigia picha, simu yake haisomi sifuri, sifuri ya simu iko kama mita 102 mashariki zaidi. Simu hazitumii ule mstari wa darubini ya zamani, zinatumia mfumo unaoitwa WGS84, na huo ulipimwa kwa setilaiti kufuata kitovu cha dunia.

Nilidhani hiyo ni stori ya watalii tu mpaka tulipofika kwenye visima vilivyopimwa zamani kwenye ramani za karatasi. Kila kimoja kimehama kama mita 300, tena vyote upande uleule. Kosa la mkono halifanani hivo, mkono unakosea huku na kule. Ndo nikaja kujua kwamba ramani nyingi za zamani za Kenya, Tanzania na Uganda zilichorwa kwa msingi mwingine unaoitwa Arc 1960, digrii zilezile, namba zilezile kwa macho, ila pa kuanzia kuhesabu ni pengine. Kwahiyo unaweza kuwa na namba sahihi, mpangilio sahihi, kistari kipo, na bado ukasimama mita 300 kutoka kisimani ukimlaumu aliyeandika. Ukiona vitone vyote vimesogea sawa, usigombane na mtu, ulizia ramani ni ya msingi gani.

Desimali nazo nisipozisema nitakuwa nimewaficha. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Desimali ya kwanza basi ni kilomita 11, ya pili ni kilomita 1.1, ya tatu mita 111, ya nne mita 11, ya tano ni mita moja na kidogo. Kuna ukurasa wa orodha yetu mtu aliufungua kwenye Excel, akapunguza desimali ziwe mbili zionekane nadhifu, akasevu kama CSV, faili la maandishi matupu, na CSV inabeba kile kinachoonekana tu, zilizobaki zimekufa. Visima vitatu vikawa na namba moja. Tulitembea eneo la karibu kilomita moja kwa kilomita moja tukiuliza watu, na kimoja tulikipata kwa sababu tulisikia ndoo inagonga chuma. Upande mwingine kuna mtu alituletea namba zenye desimali 14, akizitetea kwamba ndo za uhakika zaidi. Ndugu yangu, desimali ya saba ni sentimita moja, simu ya kawaida chini ya anga jeupe inakosea kama mita 5, sasa hizo nyingine saba umezipimia nini, chungu wa kisima? Tano zinatosha, sita ukitaka raha ya roho.

Longitudo ina ujanja wake, kilomita zake zinapungua ukisogea kwenye ncha kwa sababu mistari yake inakutana kule, ikweta digrii moja ni kilomita 111 na ukifika latitudo ya 60 imebaki nusu. Kwetu karibu na ikweta haisumbui.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba simu haihitaji intaneti kujua iko wapi. Ramani ndo inahitaji intaneti, ile picha. Namba inatoka kwa setilaiti, inahitaji kuziona angalau nne, kwahiyo ukiishusha ramani mapema ukiwa na mtandao unaweza kuingia porini bila laini kabisa na kitone cha bluu kinatembea na wewe. Ila ipe muda. Ukifungua tu ukabonyeza sekunde ileile unapata namba ya kubahatisha, subiri lile duara la kitone linywee ndo uchukue. Na uwe umesimama kwenye kitu chenyewe, nasisitiza hili maana kuna visima karibu kumi na tano tuligundua koordineti zake ni sahihi kabisa, safi, desimali sita, ila ni za gari. Aliyepima alibaki kwenye siti akanyoosha kidole kile pale, akabonyeza.

Kwahiyo nikifika kwenye kutafuta naenda hivi, naisoma namba kwanza. Iko kusini, lazima nione kistari mbele. Ya kwanza lazima iwe ndogo kuliko ya pili kwa eneo letu, nikiona ya kwanza ni thelathini na kitu najua imepinduka. Nukta ni nukta, mkato ni wa kutenganisha namba mbili tu, maana wengine wanaandika 3,0758 kwa mkato na kisanduku kinachanganyikiwa. Nikiona kitu kimevuka 60 kwenye dakika najua aliandika desimali, nikiona hakuna kitu kimevuka 60 popote kwenye orodha nzima naanza kushuku ni dakika zimevaa nguo za desimali. Alafu ndo naandika, na pini ikikaa nakuza ramani mpaka nione paa au mti au njia, kabla sijamwambia mzee awashe gari.

Mzee mwenyewe alikuja kuwa mkaguzi mkali kuliko mimi. Wiki ya tatu haondoki mpaka amechukua simu akaangalia, "Hii ina kistari?" Ina, mzee. "Haya."

Ya mwisho ni daftari. Lilikuja mwishoni kabisa, la mkono, la mzee aliyekuwa anatunza visima vya upande mmoja kwa miaka mingi, mwandiko mzuri kama wa barua za zamani. Namba zake zilikuwa sawa, desimali nne, hazina kistari, na karibu kila mstari una herufi mbili, ya kwanza ina K na ya pili ina M. Nikajua ni dira. Lakini sasa K ni kaskazini au kusini? Na M ni mashariki au magharibi? Lugha yetu imetupendelea kwenye mengi ila hapa imetuacha, nne zinagawana herufi mbili. Sio sisi peke yetu, Mjerumani akiandika O ni mashariki, Mfaransa akiandika O ni magharibi, lakini angalau wao wana moja tu ya kugombania.

Nikafanya kazi ya kiume, nikajaribu zote nne. Mfano ingekuwa Kilimanjaro, kusini na mashariki inakuweka mlimani, kaskazini na mashariki inakupeleka Chalbi, kusini na magharibi uko kwenye Atlantiki upande wa Brazil, kaskazini na magharibi uko kwenye Atlantiki hiyohiyo juu zaidi. Mbili zimezama zenyewe, nikabaki na mbili, nikachagua kusini mashariki, zikakaa panapoeleweka. Nikajisifu kidogo mbele ya mzee dereva.

Lakini kulikuwa na mistari sita ina K tu haina M, ikanisumbua usingizi, longitudo isiyo na upande inakuwaje. Nikaona yaishe, nikampigia mwenye daftari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee samahani, kwenye daftari lako, hii K ni kusini au kaskazini?"

Akakaa kimya kidogo kama mtu anayeona labda mtandao umekata maneno. "K ni kisima."

"Na M?"

"Mkono. Pampu ya mkono. Pasipo na M wanavuta kwa kamba."